Ekstensheni yenye taa nyekundu si gadi

Wiki hii nimeletewa tena TV iliyoungua, na mwenyewe ananiuliza: "Fundi, mbona nilichomeka kwenye gadi?" Gadi ni kifaa cha kukinga vyombo na umeme mbaya, lakini hiyo yake ni ekstensheni yenye swichi na taa nyekundu. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemuuzia kwa maneno hayo.

Ile taa inakuambia umeme upo, basi. Nimefungua nyingi nikakuta nyaya na vipande vya shaba tu. Zilizo nzuri zina varista, kidude bapa cha duara, kazi yake kumeza mshtuko wa umeme unaopita chini ya kufumba na kufumbua. Kila ikimeza inachakaa. Ukiniuliza iliyotumika miaka 3 imebakiza nguvu kiasi gani, sina jibu. Kwa macho haionekani.

Ila TV nyingi ninazoletewa haziuawi na mshtuko huo. Zinauawa na umeme mkubwa unaoingia na kukaa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ikikatika kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi (nyaya zenye moto) tofauti zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400, si 230. Zinagawana vibaya: jirani mwenye pasi na jiko la umeme anaona taa zikififia, wewe uliyewasha TV na balbu mbili unapokea volti 300 na zaidi, dakika baada ya dakika. Varista haikutengenezwa kwa mzigo huo. Inachemka, inapasuka, na nyingine huwaka moto. Hapo kinachotakiwa ni kifaa kinachopima volti na kukata, yaani TV gadi ya kweli, yenye rilei, swichi inayojikata yenyewe, ndani. Utaisikia ikilia "ta!" inapokata na inaposhika.

Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, kwa TV? Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, umeme mdogo hauisumbui, hela hiyo ipeleke kwenye friji.

Maana friji huuliwa na umeme mdogo: kompresa inashindwa kuzunguka, inavuta ampea nyingi, koili zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi hapo hapo, presha ya gesi haijatulia na mota inagoma. Ndiyo sababu friji gadi husubiri dakika 3 hadi 5. Jamani, msiichomoe mkidhani imekufa! Kama kwenu volti hushuka hadi 170 kila jioni, gadi itakata usiku kucha. Ongeza stabilaiza, nami sifungi ya chini ya VA 1000 (VA ni kipimo cha uwezo wake), kwa kuwa friji ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Friji za inveta, ambazo kompresa yake hubadilisha kasi, huvumilia umeme mdogo vizuri zaidi. Bado nazifungia gadi, kwa ajili ya nyutro.

Radi ikinguruma, chomoa plagi, na waya wa dishi pia. Wengi huuacha, na radi hupitia huo huo.