Shairi la mtoto si lazima lianze na vina
Wazazi wengi hapa Mtwara, mtoto akirudi nyumbani na kazi ya kutunga shairi, humzuia kuandika lolote mpaka apate vina (silabi za mwisho zinazofanana), kwa imani kwamba pasipo vina na mizani (idadi maalumu ya silabi) hapana shairi. Imani hiyo si sahihi. Hizo ni kanuni za shairi la kimapokeo, ambalo mshororo (mstari) wake kwa kawaida una mizani 16, yaani 8 katika kila kimoja cha vipande vyake viwili; mfano wa kipande kimoja ni “Korosho za Mikindani”. Mashairi huru, yaliyozua mabishano makali miaka ya 1970, hayafungwi nazo. Mwulizeni kwanza mwalimu anataka lipi (jambo ambalo wengi wetu husahau), kisha mwacheni mtoto aeleze harufu ya korosho zinazochomwa uani. Vina, vikihitajika, mtavitafuta pamoja baadaye.