Neno "vita" lina uzito wake

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inakaribia, na katika maandalizi yake dawati letu la lugha hapa Dodoma limepokea maswali mengi kuliko kawaida. Mengi yanahusu neno moja: vita. Wengine wanauliza asili yake, wengine wanalalamikia linavyotumiwa ovyo kwenye makundi ya simu. Nimeombwa kutoa ufafanuzi, nami nautoa kwa nafasi yangu ya mtumishi wa lugha. Tafsiri ya mwisho ya sheria nitakazozitaja inabaki kuwa ya mahakama.

Nianze na lile linalonichosha zaidi. Vita halikutoka Kilatini. Ni kweli Warumi walikuwa na neno linaloandikwa vivyo hivyo, likiwa na maana ya uhai, na ndiko lilikotoka vitamini mwaka 1912. Kufanana huko ni kwa sauti tu. Wala halikutoka Kiarabu, kama wengi wanavyodai kwa kujiamini kabisa. Neno tulilochukua Kiarabuni kwa maana hiyo ni harubu, nalo limebaki katika tenzi na kamusi za zamani. Vita ni la Kibantu. Mkongo wa pwani ya Atlantiki, ambako majahazi ya Waarabu hayakufika, naye husema vita. Mluba wa Kasai husema mvita. Wamombasa nao kisiwa chao wanakiita Mvita. Wapo wanaolihusisha jina hilo na mapigano ya kale, na wapo wanaosema ni la mtawala wao Shehe Mvita. Wanaisimu wengi hulihusisha neno vita na uta, yaani upinde, ambao Mshona na Mchewa nao huuita uta. Aliyeshika uta ndiye aliyekwenda vitani.

Ukitaka kuona historia ilivyopita juu ya neno hili, tazama majirani zake. Mkuki, ngao, mshale na upinde ni vya nyumbani. Bunduki, risasi, baruti, jeshi, askari, silaha na adui vimekuja na wageni kwa njia ya bahari. Manowari tumeipata kwa mabaharia wa Kiingereza. Lakini mzinga ni wetu. Nenda Manyoni au Itigi utauona umetundikwa mtini: gogo lililotobolewa katikati, limezibwa ncha mbili, nyuki wanaingia kwa tundu dogo. Mswahili alipoiona bomba ya chuma inayotema moto hakuomba neno kwa mtu. Alisema huu nao ni mzinga, na hadi leo tunapiga mizinga 21 kwa heshima ya viongozi.

Upatanisho wa kisarufi sitauchelewesha. Ni vita vimeanza, vita vya Kagera, vita vile. Anayesema "vita imeanza" anaeleweka, lakini mwandishi wa habari analipwa kwa kazi hiyo na hana udhuru. Tofautisha pia kupigana vita na kupiga vita. Wanajeshi wanapigana vita; sisi sote tunapiga vita rushwa, kama vile mwaka 1961 tulivyotangaziwa ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui. Huo ni usemi halali wa kitamathali, na hatumkatazi mtu kuutumia.

Tunachoomba ni uangalifu pale neno linapobeba maana yake halisi. Ugomvi ni wa watu kugombana. Vurugu na ghasia ni kuvunjika kwa utulivu. Mapigano ni pande mbili kupigana, hata kwa fimbo. Vita ni mapigano ya silaha kati ya pande zilizojipanga, yenye amri na muda. Kwa upande wa dola, neno hili lina utaratibu wake kamili. Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza kuwepo kwa hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi nyingine. Akishatangaza, anapeleka nakala ya tamko kwa Spika. Spika anashauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, yaani Waziri Mkuu, kisha ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tamko anaitisha Bunge, ambalo linakaa hapa hapa Dodoma, lijadili kama liunge mkono tamko hilo au la. Hali ya hatari ni jambo jingine, nayo ina ibara yake, ya 32. Watu wanazichanganya kila mara. Tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inasema anayechapisha kwenye mtandao taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tafadhali soma vizuri: kujua na nia ni sehemu ya kosa. Anayekosea kwa bahati mbaya hajatajwa hapo.

Mkoa huu unajua vita ni nini. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza kutoka Afrika Kusini yaliingia Kondoa kupigana na Wajerumani, na Julai yakafika Dodoma na kuikamata reli. Vita vile havikuwa vya Wagogo, wenyeji wa hapa. Lakini pande zote mbili zilichukua ng'ombe wao, nafaka yao na vijana wao wa kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, ikafuata njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina, Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu bila kupigwa hata mshale. Wahenga walisema vita havina macho.

Ndiyo maana nilisikitika mwezi uliopita, mtendaji wa kijiji kimoja aliponionyesha ujumbe uliokuwa umezunguka usiku kucha: "VITA IMEANZA LAMBONI, KIMBIENI." Akina mama walikuwa wamelala porini na watoto. Tulikaa naye mezani tukauandika upya kama ulivyopaswa kuwa: "Wakulima na wafugaji wamepigana kwa fimbo lamboni saa kumi na moja jioni. Wawili wameumia, wako zahanati. Mifugo imeondolewa. Polisi wamefika. Msipite njia ya lambo usiku huu." Aliusoma mara mbili kwa sauti, akauhifadhi kwenye simu yake.