Amani, jina la mvulana na la msichana

Juzi jirani yangu hapa Bondeni, Nakuru, alinijia na karatasi ya kuandikisha mtoto. Kamzaa binti, na baba mtoto anataka aitwe Amani. "Mwalimu, hilo si la kiume?" Nikamwambia aketi. Nimechunguza majina miaka mingi na hili nalipenda mno.

Wasiwasi wake nauelewa. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma, na kwao jina hutaja jinsia kuanzia mwanzo: aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula akiwa mvulana, Nafula akiwa msichana. Wajaluo wana Ochieng' na Achieng', Wakalenjin Kiprop na Cherop. Kwenye Amani aliitafuta alama hiyo, akaikosa.

Haipo kwa sababu Amani ni nomino tupu, kutoka Kiarabu *amān*. Amini na Amina ni ndugu zake, ila hao ni sifa za mtu, na Kiarabu hutenga sifa ya mume na ya mke. Kiswahili hakitengi. Ukisema "Amani amelala, msimwamshe", jinsia yake haijulikani.

Shina ni herufi tatu za Kiarabu, hamza, mim na nun, lililozaa pia imani na amana. Wengi hufasiri amani kuwa ni kutokuwepo kwa vita. Naona hiyo ni nusu tu ya maana. Katika sheria ya Kiislamu *amān* ni ahadi apewayo mgeni kutoka nchi ya adui: aingie, afanye shughuli zake, roho yake na mali yake haziguswi. Amana nayo ni kitu unachomwachia mtu ukijua utakikuta.

Ila Mwarabu aitwaye Amani ana jina jingine, *amānī*, wingi wa *umniya*, yaani matamanio. Hilo ni la kike.

Mji huu ulilijua neno hili kwa machungu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa, watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho. Mkataba wa amani kati ya Kibaki na Raila ulitiwa saini Februari 28. Nimefundisha wavulana na wasichana wa mwaka huo waitwao Amani. Mmoja aliniambia mamake alimzalia hemani, pale uwanjani.

Jirani alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu. Akaandika Amani. Alfajiri aliyojifungua kulikuwa na mvua kubwa, basi akaongeza: Nafula.