Mpasuko wa makundi katika vyama vya kisoshalisti: maana yake na jinsi unavyotokea

Mpasuko wa makundi ni hali ya wanachama wa chama kimoja kugawanyika katika safu zinazotofautiana kwa kudumu juu ya itikadi, mbinu au uongozi, hadi safu moja inapojitenga, inapofukuzwa au inapozimwa. Maelezo hayo yana mambo mawili ndani yake, na mara nyingi watu huyachanganya. Kundi ni jambo la ndani ya chama: lina wakubwa wake wasio rasmi, vikao vyake vya pembeni na pengine gazeti lake, lakini wafuasi wake bado wana kadi ileile na wanakaa katika mkutano mkuu uleule na wapinzani wao. Mpasuko ni pale ukaaji huo wa pamoja unapokatika. Vyama vingi vya mrengo wa kushoto viliishi na makundi miaka mingi bila kupasuka, na vingine vilipasuka kwa tofauti ambazo mtu wa nje angeziona ndogo mno. Kwa hiyo la kuelezwa hapa ni kitu gani hulitoa kundi katika hali ya kwanza na kulisukuma katika ya pili, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kwenda mbali sana kutafuta mifano, kwa kuwa kati ya mwaka 1964 na 1969 nchi zote tatu zinazopakana na Ziwa Victoria zilipitia jambo hili, kila moja kwa namna yake.

Kwanza ni vyema kuweka kando maana nyingine ya makundi, ile ambayo mkazi wa Nyamagana au Ilemela anaifahamu zaidi. Unapofika msimu wa kura za maoni, makundi huwa ni kambi za watia nia: wajumbe wanapangwa, safu inasukwa, na jina likisharudi kutoka juu viongozi wanapita kuwaambia watu wavunje makundi. Kambi za aina hiyo hushikamana kwa sababu ya mtu na matarajio, na kwa kawaida huyeyuka uchaguzi ukipita au yule mtu akihamia kwingine. Kundi la kiitikadi hushikamana kwa sababu ya jibu ambalo wafuasi wake wamelitoa kwa swali fulani la msimamo, na kwa hiyo linaweza kuendelea kuwapo hata kiongozi wake akifa au akihongwa cheo. Katika maisha halisi aina hizi mbili huingiliana, na ni nadra kukuta mpasuko wa itikadi usio na ugomvi wa vyeo ndani yake, lakini anayezichukulia kuwa kitu kimoja hataelewa kwa nini watu waliotoka jela moja, wakisoma vitabu vilevile, waliweza kutosalimiana kwa miaka ishirini.

Vyama vya kisoshalisti huwa na maswali ya namna hiyo kwa wingi kwa sababu vimejengwa juu ya nadharia ya jamii. Chama kinachosema kuwa kinawatetea wafanyakazi na wakulima dhidi ya wanyonyaji kinalazimika kusema mnyonyaji ni nani, na hapo ndipo mabishano huanza. Chukua mtu mwenye mitumbwi miwili na injini zake pale mwaloni Kirumba, ambaye miaka kumi iliyopita alikuwa kibarua wa kuvuta nyavu, na leo wavuvi wake wanamwita tajiri na kugawana naye mapato ya sangara baada ya yeye kukata mafuta na matengenezo. Je, huyo ni mwenzetu aliyejikwamua, au ni bepari mdogo ambaye hapaswi hata kugombea uongozi wa tawi? Wanaosema ni mwenzetu watataka chama kiungane na watu kama yeye dhidi ya wenye viwanda na wauzaji wa nje. Wanaosema ni bepari watataka vibarua wake waundiwe chama chao. Kila jibu linazaa sera yake ya mikopo, ya kodi na ya ushirika, na baada ya mikutano michache swali la mtu mmoja limegeuka mistari miwili ya siasa. Mengine katika mabishano ya mrengo wa kushoto ni ya aina hiyohiyo: kushika dola kwa kura au kwa mapinduzi, kushirikiana au kutoshirikiana na vyama visivyo vya kisoshalisti, kuiweka nchi mbele au wafanyakazi wa dunia nzima.

Hata hivyo, mara nyingi mpasuko wenyewe huanzia katika kifungu cha kanuni. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa mkutano mkuu wa pili wa wasoshalisti wa Urusi, uliofanyika mwaka 1903, ukaanzia Brussels na kuhamia London kwa sababu ya kusumbuliwa na polisi. Hoja iliyowagawa ilikuwa kifungu cha kwanza cha katiba ya chama: nani ahesabiwe mwanachama. Lenin, mmoja wa viongozi wa chama hicho, alitaka awe mtu anayeshiriki mwenyewe katika mojawapo ya vyombo vya chama. Kiongozi mwenzake, Martov, alitosheka na mtu anayesaidia kazi ya chama mara kwa mara chini ya uongozi wa chombo kimojawapo. Martov alishinda kwa kura 28 dhidi ya 22. Baadaye, kwa sababu nyingine kabisa, wajumbe watano wa umoja wa wafanyakazi wa Kiyahudi uitwao Bund walitoka mkutanoni, na wawili wa mkondo mwingine wakawafuata; kura hizo saba zilipoondoka upande wa Lenin ukawa ndio mkubwa, ukatumia wingi huo kupunguza wahariri wa gazeti la chama, Iskra, kutoka sita hadi watatu. Kundi la Lenin likajiita Bolsheviki, yaani walio wengi, ingawa katika hoja iliyoanzisha ugomvi lilikuwa limeshindwa. Makundi hayo mawili yaliendelea kutengana na kurudiana hadi mwaka 1912, Lenin alipoitisha mkutano wa watu wake huko Prague, na tangu hapo yakawa vyama viwili kwa vitendo.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba tofauti ya vile vifungu viwili ni ya maneno machache, lakini kila upande uliona ndani yake chama cha aina nyingine: cha wanaharakati wachache wenye nidhamu, au kipana chenye mlango wazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la msingi zaidi katika dhana hii nzima. Itikadi huwagawa watu, lakini kinachowatoa nje ni kanuni inayoamua nani apige kura, nani aandike gazetini na nani abaki kikaoni baada ya kushindwa.

Mpasuko mkubwa kuliko wote ulitokana na Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, SPD, waliidhinisha mikopo ya vita, baada ya miaka mingi ya kuahidi kwamba wafanyakazi wa Ulaya hawatapigana wao kwa wao. Desemba mwaka huohuo Karl Liebknecht alipiga peke yake kura ya kukataa. Mwaka 1917 waliopinga vita wakawa wamesukumwa nje na kuunda chama chao, na mwanzoni mwa 1919 kulikuwa na chama cha kikomunisti kando yake. Kisha Moscow, ambako Wabolsheviki walikuwa wameshika dola tangu mwaka 1917, ilitoa masharti 21 kwa kila chama kilichotaka kujiunga na umoja wake wa kimataifa, likiwemo la kuwafukuza kwa majina wanamageuzi, yaani waliotaka mabadiliko ya polepole bila mapinduzi, na vyama vikaanza kukatika kimoja baada ya kingine: Halle kule Ujerumani mwezi Oktoba 1920, Tours kule Ufaransa Desemba 1920, Livorno kule Italia Januari 1921. Miongo minne baadaye ugomvi wa Moscow na Beijing, yaani wakomunisti wa Urusi na wa China, ulifanya kazi kama hiyo katika Asia. India, kwa mfano, chama cha kikomunisti kiligawanyika mwaka 1964, na kile kilichojitenga kikapasuka tena baada ya uasi wa wakulima wa Naxalbari wa 1967.

Jibu la Wabolsheviki wenyewe kwa tatizo hili lilikuwa kupiga marufuku makundi. Uamuzi huo ulipitishwa Machi 1921 katika mkutano wao mkuu wa kumi, wakati mabaharia wa ngome ya Kronstadt wakiwa wameasi na kundi la Upinzani wa Wafanyakazi la Shlyapnikov na Kollontai likidai vyama vya wafanyakazi vipewe usimamizi wa uchumi. Ulielezwa kuwa ni hatua ya dharura, lakini haukuondolewa. Trotsky, mmoja wa viongozi wao wakuu ambaye aliuunga mkono, alifukuzwa chamani mwaka 1927 kwa kosa la kuendesha kundi. Marufuku haiondoi tofauti. Inachofanya ni kuwanyima wanaotofautiana mahali pa kuhesabiana, hivyo kila hoja hugeuka swali la nani mwaminifu na nani msaliti.

Sasa turudi ziwani. Nchini Kenya, chama tawala cha KANU kilikuwa na kambi mbili tangu uhuru, na zote zilijiita za ujamaa. Moja, yenye Rais Kenyatta na Tom Mboya, ilisimamia Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao ulilinda mali binafsi. Nyingine, ya Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia, ilitaka wasio na ardhi wapewe bila kuuziwa, na ilitaka uhusiano wa karibu na nchi za kikomunisti. Mpasuko haukuja kwa kujadili ardhi. Ulikuja Machi 1966 huko Limuru, mkutano wa chama ulipofuta nafasi moja ya makamu wa rais wa chama na kuweka makamu wanane, ili kiti cha Odinga kisiwepo kabisa. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa nchi na kuongoza chama kipya, KPU. Serikali ikapitisha haraka marekebisho ya Katiba yaliyomlazimu mbunge aliyehama chama kurudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo uliofuata Kaggia alipoteza kiti chake huku Odinga akibaki na nguvu hasa upande wa Nyanza. Hivyo kundi lililoanza kwa hoja ya kitabaka lilisukumwa hadi likaonekana la kabila moja. Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, kukatokea mabishano ya hadharani kati yake na Odinga, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Uganda njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1964, katika mkutano wa chama tawala cha UPC uliofanyika Gulu, katibu mkuu John Kakonge, aliyependwa na vijana wa mrengo wa kushoto, alishindwa na Grace Ibingira wa mrengo wa kulia, na Waziri Mkuu Obote hakumwokoa. Miaka miwili baadaye kundi la Ibingira lilipomgeukia Obote mwenyewe, mawaziri watano, Ibingira akiwa mmoja wao, walikamatwa Februari 1966 wakiwa ndani ya kikao cha Baraza huko Entebbe. Halafu mwaka 1969 Obote akatangaza siasa yake ya kuelekea kushoto, wakati wale vijana walioililia walikuwa wamekwisha kuondolewa katika nafasi zao. Kiongozi anaweza kuchukua msimamo wa kundi na kuliacha kundi lenyewe nje.

Tanzania Bara ilifuata chama kimoja kisheria kuanzia mwaka 1965, lakini TANU iliwaruhusu wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, wote wakiinadi ilani moja. Katika uchaguzi wa mwaka huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu aliyekuwa nguzo ya ushirika wa wakulima wa pamba huku kwetu, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza, na hakuchukua muda akarudi katika Baraza la Mawaziri. Wapiga kura walikuwa na nafasi ya kumwondoa mtu, ila hapakuwa na nafasi ya kundi kusimama na kusema sera ya pamba ibadilishwe. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipoleta miiko iliyomzuia kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, waliotofautiana nalo waliondoka mmoja mmoja: Bibi Titi Mohamed akaacha nafasi yake katika uongozi wa chama, Oscar Kambona akajiuzulu na kwenda Uingereza, na Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ikawafukuza uanachama watu kadhaa, wakiwemo wabunge, ambao kwa kupoteza kadi walipoteza na viti.

Kanuni hiyo ya kadi na kiti imebaki hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Kwa mujibu wa Katiba, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hukoma kuwa mbunge, na mgombea binafsi hakubaliwi. Kundi linaloona sera ya chama imekwenda kombo, liwe la kushoto au la kulia, linajua kwamba kutoka ni kuacha bunge, halmashauri na ofisi kwa siku moja, na ndiyo maana tofauti nyingi hapa nchini huishia katika vikao vya usiku na orodha za wajumbe badala ya kuzaa chama kipya chenye ilani yake.