Je, wajua kwa nini mipango ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi huzungumzia ajira?

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Mabasi yakakwama, malori yakakwama, na kwa mtu wa Mtwara mwenye safari ya Dar njia ikawa ni kuzunguka Masasi, Tunduru mpaka Songea. Tangu hapo huku kwetu tabianchi si neno la redioni tu.

Lakini ukiisoma mipango mikubwa ya serikali za dunia kuhusu jambo hili, kuna kitu kinashangaza. Unatarajia habari za moshi, misitu na umeme wa jua. Unakuta pia mishahara, nyumba na matibabu. Kwa nini?

Chukua mpango uliovuma kuliko yote, ule ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita Mpango Mpya wa Kijani. Mbunge Alexandria Ocasio-Cortez na Seneta Ed Markey waliuwasilisha katika Bunge la Marekani Februari 7, 2019. Ulikuwa azimio, si sheria. Ulitaka juhudi za miaka 10 za kuifanya nchi ipate umeme wake wote kutoka vyanzo visivyochafua hewa, na papo hapo kila Mmarekani ahakikishiwe kazi yenye mshahara wa kutunza familia. Wapinzani wakahoji: hewa ukaa na ajira, wapi na wapi?

Jina lenyewe linajibu kiasi. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alianza kazi wakati takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawana ajira. Mageuzi yake yaliitwa Mpango Mpya. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha vijana cha uhifadhi, waliokaa kambini mfano wa JKT yetu. Kwa miaka 9 walipita humo vijana wapatao milioni 3, wakapanda miti inayokadiriwa kufika bilioni 3. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na karibu dola 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani kwao. Mti ulipandwa, na mama akapata unga. Ndiyo kumbukumbu waliyotaka kuifufua.

Sababu nyingine ilionekana Ufaransa. Mwishoni mwa 2018 serikali ya huko ilipanga kupandisha kodi ya mafuta ili watu wapunguze kuchoma dizeli na petroli. Watu wa miji midogo na vijijini, wasio na usafiri mwingine zaidi ya gari, waliingia barabarani wakiwa wamevaa reflekta za njano kama za bodaboda wetu. Desemba hiyohiyo serikali ikaifuta nyongeza hiyo. Nia ya kusafisha hewa ilikuwa njema, ila mzigo aliwekewa asiye na kitu.

Sisi Mtwara hatuhitaji kwenda Ufaransa kulielewa hili. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, kule Msimbati, iligunduliwa 1982. Ilipotangazwa kwamba itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, watu walitaka kujua wao watabaki na nini. Maandamano yalianza Desemba 2012. Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, mji ulichafuka. Watu walikufa na nyumba zikachomwa. Bomba la zaidi ya kilomita 500 lilizinduliwa 2015. Nasema kwa uchungu: waliokuwa mitaani hawakuichukia gesi. Walitaka viwanda na kazi viwe hapa inapotoka. Mradi wowote wa nishati, uwe wa gesi au wa upepo, usipolijibu swali hilo mapema utalijibu kwa machozi.

Azimio la Marekani lilikwama. Seneti ilipopiga kura Machi 26, 2019, kura 57 zilikataa na hakuna hata moja iliyounga mkono. Wengi wa Democrat, chama cha hao waliouwasilisha, walijiandikisha kuwa wapo tu, bila kusema ndiyo wala hapana. Wazo halikufa, maana Desemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulitangaza mpango wake, ukiwa na mfuko maalumu wa mikoa iliyozoea kuishi kwa makaa ya mawe. Agosti 2022 Marekani nayo ikapitisha sheria ya kupunguza kodi kwa wanaojenga viwanda vya nishati safi, ingawa Julai 2025 sheria nyingine ilipunguza sehemu kubwa ya nafuu hizo.

Na hapa ndipo mipango hiyo ya mbali inapofika Ruangwa. Magari ya umeme yanataka betri, na betri nyingi za magari hayo zina madini ya kinywe (grafiti), tena kwa uzito unaozidi ule wa lithiamu. Ardhi ya Lindi inayo kinywe. Mkulima wa korosho anaijua vizuri tofauti ya ghafi na iliyobanguliwa: sehemu kubwa ya korosho zetu hupanda meli na maganda yake, wakabangue India na Vietnam. Kinywe nacho, kabla hakijaingia kwenye betri, sharti kisagwe, kiviringishwe na kusafishwa hadi kufikia asilimia 99.95. Kwa sasa kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, inafanyika China.