Nani anastahili maksi NBA? Porojo za barazani Malindi na ukweli wake

Usiku wa kuamkia Julai 1, saa saba kwa saa zetu, soko la wachezaji huru (waliomaliza mikataba) wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hufunguliwa, na wapenzi wa kikapu hapa Malindi hukesha na simu mkononi. Kufikia kahawa ya jioni, mitaani Shela na Barani, kila mtu amekuwa tajiri wa timu: huyu apewe maksi, yaani mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa na ligi, yule asipewe hata nauli. Ubishi wenyewe mtamu, wallahi, ila hoja nyingi husimama juu ya mambo yasiyo kweli.

"Maksi ni maksi, wote hulipwa sawa"

La. Ligi haitaji kiasi, inataja sehemu ya kikomo cha mishahara (kiwango cha mishahara ya timu nzima kinachowekwa na ligi), na sehemu hiyo hutegemea miaka ambayo mchezaji amekaa ligini. Aliyecheza miaka 6 au pungufu hawezi kuanza kwa zaidi ya asilimia 25 ya kikomo. Wa miaka 7 hadi 9 ni asilimia 30. Wa miaka 10 na kuendelea ni 35. Anayetwaa MVP (tuzo ya mchezaji bora wa msimu) au kuingia vikosi bora vya msimu anaweza kuruka ngazi mapema. Kikomo cha msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 154.6, kwa hiyo ngazi hizo zilikuwa takriban milioni 38.7, 46.4 na 54.1.

Wavuvi wetu hesabu hii hawafundishwi: nahodha hupewa fungu la kilichovuliwa, na bahari ikitoa, fungu hunenepa. Mwaka 2016, pesa mpya za televisheni zilipoingia, kikomo kiliruka kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mpigo. Mike Conley akasaini na Memphis milioni 153 kwa miaka 5, mkataba mkubwa kuliko wote hadi siku ile, ilhali hakuwa amewahi kuitwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi, hata mara moja (aliitwa baadaye, 2021). Watu walicheka sana. Leo wastani wa mkataba ule, milioni 30 na ushei kwa mwaka, haufiki hata moja ya tano ya kikomo. Anayebishana kwa mamilioni bila kutaja mwaka anabishana na hewa.

"Mpe anayefunga pointi nyingi"

Hii ndiyo inayotupoteza zaidi. Cam Thomas wa Brooklyn alimaliza 2024-25 na wastani wa pointi 24, ingawa kwa mechi 25 tu kwa sababu ya majeraha. Kiangazi kilichofuata aliishia kusaini mwaka mmoja kwa takriban milioni 6. Wanunuzi huuliza mengine: anawafungulia wenzake? Anakaba? Timu ikimpa mpira kila mara, inashinda?

Halafu kuna suala la uhuru wenyewe. Baadhi ya tunaowaita wachezaji huru wana kamba mguuni, maana timu yao ina haki ya kulipa sawa na ofa yoyote na kubaki nao. Timu nyingine huogopa kufungia pesa zao kwa mtu ambaye atarudishwa kwao. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mji wa Kiswahili kama huu wetu, barazani tulishamgawia maksi zamani, naelewa kwa nini. Kiangazi cha 2025 alivutana na Golden State hadi mwisho wa Septemba, akatoka na miaka 2 ya takriban milioni 48.5, na mwaka wa pili uamuzi ukiwa wa timu. Kwa wastani wa pointi 15 na bila ofa nzito kutoka nje, Golden State wangebanwa na nini wao?

"Akiwaka kwenye mtoano, mpe chochote anachotaka"

Mwingine wa kwetu kwa lugha: Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Mei 2016, katika fainali ya ukanda wa Mashariki, alidaka ribaundi 26 (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) dhidi ya Cleveland ya LeBron James, na wiki chache baadaye Orlando wakampa mkataba ulioripotiwa kuwa milioni 72 kwa miaka 4. Haikuwa maksi, lakini ilikuwa pesa ya mhimili wa timu. Biyombo hakubadilika hata kidogo. Alibaki yule yule mlinzi hodari wa chini ya kikapu asiye na mkono wa kufunga. Baada ya misimu miwili akapelekwa Charlotte. Kosa lilikuwa la mnunuzi, na mimi hadi leo nampongeza aliyeuza.

Kinyume chake ni Jalen Brunson. Timu zilipochagua chipukizi mwaka 2018 yeye alikuwa wa 33, mfupi kwa vipimo vya kule, na New York Knicks walipomlipa milioni 104 kwa miaka 4 mwaka 2022 wengi walisema Knicks wamerogwa tena. Mwaka 2024 akawa All-Star, na 2025 akawafikisha fainali ya Mashariki, jambo ambalo hawakuwa wameliona tangu 2000. Tena 2024 alikubali kuongeza mkataba kwa milioni 156.5 kwa miaka 4, ilhali angesubiri mwaka mmoja angeweza kupata hadi milioni 269 kwa miaka 5. Ukiniuliza mtu wa maksi anafananaje, nitakuonyesha huyu: dakika nne za mwisho, kila mtu ukumbini anajua nani atashika mpira, na bado hawamzuii.

"Amefanya makubwa, anastahili"

Mkataba hulipia mechi zijazo. Paul George alipewa na Philadelphia milioni 212 kwa miaka 4 mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 34, na msimu wa kwanza akacheza mechi 41. Bradley Beal alisaini na Washington milioni 251 kwa miaka 5 mwaka 2022. Kufikia 2025 Phoenix, alikokuwa amehamia, walikuwa wanakubaliana naye aondoke kabla mkataba haujaisha.

Ila umri peke yake si hukumu. Pascal Siakam wa Kamerun alikuwa na miaka 30 Indiana walipompa milioni 189.5 kwa miaka 4, na wapo waliosema hana hadhi hiyo. Mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora wa fainali ya Mashariki na timu ikafika mechi ya saba ya fainali ya ligi. Anakimbia, anakaba, hahitaji mpira mkononi muda wote. Mchezo wa namna hiyo hauzeeki upesi.

"Tajiri ana pesa, atoe tu"

Pesa ipo, ila kanuni zinabana. Timu ikivuka mstari wa pili wa mishahara, ulio juu ya kikomo (milioni 207.8 kwa 2025-26), haiwezi hata kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja katika mabadilishano. Boston, mabingwa wa 2024, waliwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis kiangazi cha 2025 kwa shinikizo hilo hilo, kwa kuwa mikataba ya Jayson Tatum na Jaylen Brown ilikuwa imekula nafasi.

"Nyota wote huingia sokoni"

Siku hizi wengi huongezewa mikataba kabla ya kufika huko. Waitaliano wetu wa hapa Malindi bado wanamdai Paolo Banchero, ambaye ana uraia wa Italia lakini akachagua jezi ya Marekani; huyo Orlando walimfunga kwa maksi mwaka 2025, hata mwaka wake wa nne ligini hajauanza. Ndiyo maana orodha ya Julai mara nyingi ina majina mengi na watu wa maksi wawili watatu, na pengine hakuna.

"Hakuna binadamu wa thamani hiyo"

Hii husemwa na wazee, nami huwajibu kwa heshima. Msimu wa 1997-98 Michael Jordan alilipwa milioni 33.1, wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa milioni 26.9. Maksi ililetwa 1999, baada ya mgomo wa wenye timu, ili jambo hilo lisijirudie. Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, ana MVP 3 na ubingwa wa 2023, na sheria hairuhusu Denver waanze kumlipa zaidi ya asilimia 35. Soko likifunguliwa bila dari, yeye ndiye ambaye bei yake hakuna baraza lingeweza kuitaja.