Reli ya Mwanza na vitabu vya bure mtandaoni: dhana potofu na ukweli

"Reli ya Mwanza aliijenga Mjerumani." Utaisikia stesheni, utaisikia Kirumba, na wengi wanaotengeneza treni za mfano huanzia hapo. Si kweli. Mjerumani alianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, akafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, vita ikamkuta hapo. Kipande cha Tabora hadi Mwanza kilikamilishwa na Mwingereza mwaka 1928. Ukipekua vitabu vya Kijerumani kwenye Internet Archive, maktaba ya bure mtandaoni, ukitafuta picha ya treni ikiingia Mwanza, utakesha bure.

Wengine hudhani ukitafuta neno usilione, basi kitabu hakina kitu. Kumbuka kurasa zile zilisomwa na kompyuta. Vitabu vingi vya Kijerumani vya wakati ule vilichapwa kwa herufi za kale, ambamo s ndefu inafanana sana na f, kwa hiyo "Eisenbahn" hugeuka "Eifenbahn". Tafuta yote mawili. Mji wetu nao Wajerumani waliuandika Muansa. Ikishindikana, pekua ukurasa kwa ukurasa. Wala usiishie kwenye vitabu vya reli: kile cha J. H. Patterson cha 1907, cha simba wa Tsavo, watu hukiruka wakidhani ni cha wanyama tu, kumbe mwandishi ndiye mhandisi aliyejenga daraja pale, kwenye reli iliyokuja hadi Kisumu, na picha zake zimo.

Lakini linaloharibu kazi nyingi nzuri ni rula. Mtu anachapisha mchoro wa injini, anapima moja kwa moja. Mchoro ule ulipunguzwa na mchapaji wa kitabu, skani ikaubadilisha, printa nayo ikafanya yake. Skeli iliyoandikwa pembeni haina kazi tena. Shika kipimo unachokijua. Kama urefu wa injini umeandikwa kwa tarakimu, tumia huo. Kama haupo, tumia upana wa reli yetu ya zamani: milimita 1,000, ambazo kwa skeli ya 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko kitu halisi, ni 11.5. Kuza au punguza mchoro mpaka nafasi kati ya reli ifike hapo, ndipo upime magurudumu na bomba la moshi. Reli za HO (jina la skeli hiyo ya 1:87) za dukani ni milimita 16.5, saizi ya njia ya milimita 1,435 kama SGR inayojengwa kuja huku. Kwa injini ya 1928 chukua reli za milimita 12, zilizo karibu na ile 11.5.

Na si kila cha zamani ni bure. HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni, huangalia uko nchi gani kabla ya kukufungulia. Kitabu kikigoma huko, kijaribu Internet Archive. Vitabu vya enzi ya East African Railways, iliyoundwa 1948 na kuvunjika 1977, vingi bado vina wenyewe. Kwa hiyo ukitaka kuunda MV Umoja, meli inayobeba mabehewa, omba ruhusa bandari ya Mwanza Kusini uipige picha ikiwa imetia nanga.